Kompyuta Ndogo ya Bei Nafuu: Uzuri Wake na Kasoro Zake



Kila vijana wanapokaribia kwenda vyuoni, swali moja hutufuata kila mahali. Hutufikia nje ya kanisa baada ya ibada, hutufikia kliniki tunapopima watoto uzito, hata ndani ya daladala. "Nesi, mtoto anataka laptopu. Nimeziona ndogo za bei nafuu. Je, zinafaa?"

Mama anayeuliza hivyo anazo fedha mkononi, lakini si nyingi, wala hazikupatikana kwa urahisi. Ameuza kuku, ameshona sare za shule, au zamu yake ya upatu imefika. Akinunua kisichofaa, hana fedha za kununua kingine. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tusimjibu kwa neno moja mlangoni, bali tukae naye kitako tumweleze yote, mazuri na mabaya. Na mabaya tunayajua, kwa maana kompyuta ya namna hiyo iliwahi kutuletea aibu kubwa katika umoja wetu wa akina mama.

TULIVYOINUNUA

Umoja wetu una wanachama 32. Kila mmoja hutoa shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani jumla ya shilingi 160,000. Fedha hizo huwasaidia wanaouguliwa na waliofiwa, na mwanachama mwenye shida huweza kukopa akarudisha kidogo kidogo. Kwa miaka mingi hesabu zote zilikuwa katika kaunta buku moja lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, ambalo katibu wetu alilitunza kama mboni ya jicho lake.

Mwezi Machi 2022 tulinunua kompyuta mpakato ndogo, mpya, kwa shilingi 420,000. Jina la kampuni hatutalitaja. Kioo chake kilikuwa cha inchi 11.6, na uzito wake kama kilo moja na robo. Ndani yake kulikuwa na kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, ya GB 4, na hifadhi ya GB 64. Wakati huo namba hizo hazikutuambia kitu. Tuliona inang'aa, ni nyepesi, na bei yake tunaiweza.

Sisi tunaoandika ukurasa huu ndio tulioipigania. Tena mwezi Januari 2023 ni sisi tuliosimama kikaoni tukasema kaunta buku sasa lipumzike, kwa kuwa kuandika mara mbili ni kupoteza muda. Katibu alisita. Tukamshinda kwa maneno.

UZURI WAKE

Tusiisingizie. Kwa miaka miwili ile kompyuta ilitufanyia kazi nyingi nzuri.

Kwanza ni wepesi wake. Iliingia mkobani pamoja na Biblia na kanga. Katibu alikwenda nayo kwa miguu hadi nyumbani kwa mgonjwa, akamsomea hesabu yake akiwa kitandani.

Pili, haili umeme. Kompyuta nyingi za aina hii hutumia nguvu kidogo kiasi kwamba hazina hata feni, kwa hiyo hazivuti vumbi wala hazipigi kelele. Chaja yetu ilikuwa ya wati 45. Pasi ya kawaida hufika wati 1,000 au zaidi. Hata chaja hiyo ingefanya kazi kwa nguvu zake zote, uniti moja ya LUKU ingeiendesha kwa zaidi ya saa 20. Tena ilipokuwa mpya, betri ikijaa ilidumu saa tano hadi sita. Umeme ulipokatika katikati ya kikao, sisi tuliendelea.

Tatu, kwa kazi ndogo inatosha kabisa. Tuliweka programu ya LibreOffice, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti ikishawekwa. Jedwali lilijumlisha lenyewe. Ripoti ya mwaka iliyokuwa ikituchukua siku mbili, na kununiana juu ya kikokotozi, ilikamilika jioni moja.

Nne, iliwafaa binti zetu. Jumamosi mchana waliomaliza kidato cha nne walikuja kujifunza kupiga chapa. Baadhi yao walikuwa hawajawahi kugusa kibodi, na mmoja aliandika hapo barua yake ya kwanza ya kuomba kazi.

KASORO ZAKE

Kompyuta ndogo za bei nafuu si kitu cha jana. Mwaka 2007 kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitoa Eee PC, iliyokuwa na kioo cha inchi 7, hifadhi ya GB 4, na uzito usiofika kilo moja. Watu waliipenda kwa bei na wepesi wake. Lakini kioo kilikuwa kidogo, vitufe vidogo, na nafasi ndogo. Tangu hapo kompyuta hizi zimekua, ila programu nazo zimekua, hivyo ule ufinyu umebaki pale pale.

Kasoro ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi. Ifikirie kama meza ya jikoni. Hifadhi ni kabati unamowekea vyombo, lakini kazi yenyewe huifanya juu ya meza. Meza ikiwa ndogo, ukishaweka sufuria, ungo na kibao cha kukatia, huna pa kukandia unga. Kwa GB 4 utaandika barua na kufungua kurasa chache za intaneti. Ukiongeza mkutano wa video juu yake, kompyuta itaanza kujivuta kama mgonjwa aliyeamka leo.

Ya pili ni hifadhi. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka kompyuta yenye kumbukumbu isiyopungua GB 4 na hifadhi isiyopungua GB 64. Maana yake yetu ilikuwa imesimama kizingitini tangu siku tuliyoinunua. Windows yenyewe ilikula zaidi ya GB 20, kisha picha za harusi na video za kwaya zikala zilizobaki. Hifadhi ikijaa, masasisho ya usalama hayapati pa kuingia. Zile zenye GB 32 hali yake ni mbaya zaidi.

Ya tatu ndiyo kubwa, nayo haionekani dukani. Katika nyingi za kompyuta hizi, kumbukumbu na hifadhi zimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazoifanya iwe nyembamba na ya bei ndogo. Kompyuta kubwa kidogo fundi anaweza kuifungua, akachomoa kidogo akaweka kikubwa. Hii haiongezeki. Ilivyo siku ya kununua ndivyo itakavyokuwa hadi mwisho.

Ya nne ni kioo na vitufe. Sisi tuliokwisha kupita miaka arobaini tunajua kwamba macho huanza kushindwa kusoma maandishi ya karibu. Ni umri tu, si ugonjwa. Kioo kidogo humfanya mama ainame, na saa mbili baadaye analalamika shingo. Kuza maandishi, inua kompyuta juu ya vitabu, na miwani ya kusomea isikuonee aibu.

SIKU ILIPOGOMA KUWAKA

Mwishoni mwa Aprili 2024, masika yakiwa yamechachamaa, katibu alibonyeza kitufe cha kuwashia asubuhi ya kikao. Kimya. Hata taa ya chaji haikuwaka.

Tulimpelekea fundi. Alikaa nayo siku mbili, kisha akatuambia bodi imeungua. Tukamwambia, basi mwanangu, toa hifadhi uiweke kwenye kompyuta nyingine tupate hesabu zetu. Akatikisa kichwa. "Mama, hii haina diski ya kuchomoa. Hifadhi yake ni chipu iliyochomelewa hapo hapo kwenye bodi." Alisema wapo wenye vifaa vya kujaribu kuisoma, lakini gharama aliyotutajia ilizidi bei ya kompyuta yenyewe, tena bila uhakika.

Hesabu za miezi 16 zilikuwa humo peke yake. Michango ya shilingi 2,560,000, pamoja na mikopo yote.

Katika waliokopa alikuwamo mjane mmoja. Mwezi Juni 2023 alichukua shilingi 300,000, kijana wake alipovunjika mguu akahitaji kufanyiwa upasuaji. Alitakiwa kurudisha shilingi 30,000 kila mwezi kwa miezi kumi, kuanzia Julai. Mwezi ule wa Aprili alisema amemaliza. Mweka hazina alikumbuka kwamba alikuwa amekaribia kumaliza, lakini hakuwa na hakika. Ndipo sauti ikatoka nyuma, "Ushahidi uko wapi?"

Sisi tuliokaa mbele tuliangalia chini. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba dawa isiyoandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa huhesabiwa kuwa haikutolewa, na kwamba karatasi ile haiondoki kitandani. Wodini tungemgombeza mwanafunzi aliyefanya tulivyofanya sisi.

Yule mama alikwenda nyumbani akarudi na kijidaftari chake, mistari kumi kwa penseli, kila mmoja na tarehe yake. Mtu akasema daftari lake mwenyewe kila mtu anaweza kuliandika. Tukaanza kutafuta. Malipo sita yalikutwa katika ujumbe wa simu wa kutumiana pesa. Mawili alilipa taslimu mbele ya wanachama waliokumbuka. Yakabaki mawili, ya Desemba na ya Februari, shilingi 60,000, yasiyo na shahidi. Wanachama walipiga kura wakaamua kumwamini.

Tulidhani tumemaliza vizuri. Lakini yule mama, aliyelipa deni lake lote kwa kuuza maandazi, alitoka kikaoni kama mtu aliyesamehewa deni. Mei hakuja. Juni hakuja.

Mwezi Julai tulikwenda kwake pamoja na katibu, tukamwambia kosa lilikuwa letu, si lake. Alitukaribisha chai, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi sikuomba kusamehewa, dada zangu. Nilitaka isomwe kwamba nimelipa."

Kikao kilichofuata ilisomwa, mbele ya wote, malipo kumi kwa tarehe zake, na ikaandikwa kwa kalamu katika kaunta buku jipya. Sasa anahudhuria kama zamani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tena wakasema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Kompyuta ile haikutudanganya. Ilikuwa kitu kidogo cha bei ndogo, nasi tukaikabidhi jambo kubwa peke yake.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Ni ya kazi gani? Uliza hili kwanza, kabla ya bei. Kama ni kuandika insha, kusoma masomo, kutuma barua pepe na kuweka hesabu za kikundi, ndogo itafaa. Kama kijana anakwenda kusomea uchoraji wa ramani za majengo, utengenezaji wa video au uhandisi, usimnunulie hii. Atakuja kuomba nyingine kabla mwaka haujaisha. Mwambie aulize chuoni wanahitaji kompyuta ya namna gani.

Namba zake ni zipi? Ukiweza, tafuta kumbukumbu ya GB 8 na hifadhi ya GB 128 au zaidi. GB 4 na GB 64 ni kiwango cha chini kabisa. Usisome karatasi iliyobandikwa nje tu. Mwambie muuzaji aiwashe, afungue ukurasa unaoonesha uwezo wa kompyuta, usome mwenyewe.

Je, inaongezeka? Uliza hivi hasa: "Hifadhi yake inachomoka au imechomelewa?" Muuzaji asiyejua, mwombe amwite fundi.

Ina programu gani? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zilizotumika bado zinayo. Uliza kama itakubali Windows 11. Nyingine mpya huja na Windows ya hali ya S, inayokubali programu kutoka duka la Microsoft tu. Kutoka katika hali hiyo ni bure, ila ukishatoka hurudi tena. Kama ni Chromebook, kila aina ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba zile za kuanzia mwaka 2021 zitapewa masasisho kwa miaka 10, ikihesabiwa tangu muundo wake ulipotolewa, si tangu wewe uliponunua. Tena Chromebook hutegemea sana intaneti, kwa hiyo piga hesabu ya bando la kila mwezi.

Betri ikoje? Hili ni la zile zilizotumika. Windows ina ripoti ya betri inayoonesha ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na uwezo gani. Muuzaji mwaminifu atakuonesha.

Je, umeijaribu? Usione haya kukaa dukani nusu saa. Bonyeza kila herufi. Chomeka chaja uitikise kidogo. Fungua kamera, cheza video, sikiliza spika. Mtoto mchanga tunamkagua kuanzia utosi hadi vidole vya miguu kabla ya kumkabidhi kwa mama yake, nawe kagua hivyo hivyo. Kisha dai risiti na dhamana ya maandishi.

Wengi huuliza kama ni heri ndogo mpya au kubwa kidogo iliyotumika. Kwa bei ile ile, sisi leo tungechukua iliyotumika, iliyotengenezwa kwa matumizi ya ofisi, ambayo hifadhi yake inachomoka, mradi fundi tunayemwamini ameifungua na kuiangalia. Ni nzito zaidi, na betri yake huenda imechoka. Lakini ikiharibika inatengenezeka, na kilichomo ndani kina nafasi kubwa zaidi ya kuokolewa. Anayetembea sana, au anayekaa mahali pa umeme wa shida, huenda ndogo mpya ikamfaa zaidi.

UKISHAINUNUA

Usiache jambo lolote likakaa mahali pamoja tu. Sisi sasa kila baada ya kikao tunanakili hesabu kwenye flashi mbili. Moja hukaa kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina, nyumba mbili tofauti, ili moto au mwizi asipate zote. Flashi nazo hufa, kwa hiyo kila mwezi tunachapa ukurasa mmoja na wanachama wanautia sahihi. Na kaunta buku limerudi mezani. Kuliandika kunachukua dakika kumi.

Anayelipa taslimu apewe stakabadhi hapo hapo, nakala ibaki. Hili halihitaji kompyuta.

Picha na video zihamishie kwingine kabla hazijajaza hifadhi. Weka neno la siri, na lijulikane kwa watu wawili, si mmoja. Umeme unapokuwa wa kurukaruka au radi ikipiga, chomoa chaja ukutani. Usiitumie ikiwa juu ya godoro, maana hata isiyo na feni inahitaji kupumua.

Na kijana anayekwenda chuo, mfundishe haya kabla hajaondoka. Insha ya mwisho wa muhula ikipotea usiku wa kuamkia siku ya kuikusanya, mwalimu hatapokea maelezo kuhusu bodi iliyoungua.

Basi mama, tukirudi kwa swali lako la mlangoni. Ndiyo, kompyuta ndogo ya bei nafuu inaweza kukufaa, wala hakuna aibu kununua kile unachokiweza. Umoja wetu ulinunua nyingine mwaka jana, iliyotumika, na binti zetu bado wanakuja Jumamosi. Ila ijue kwa udogo wake, uipe kazi za kadiri yake. Jina la mtu, deni lake na haki yake visibaki humo peke yake.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.